Herufi Moja Ikigeuka: Uvimbe wa Ngozi Unavyopata Sura na Tabia Yake

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na wazee wa mialo, Kigoma mjini

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu, vijana wa mwaloni, na ninyi wahudumu wa afya mliotoka Mwandiga, Kalinzi, Ujiji na Katonga, nawasalimu nyote. Nilimwomba mwenyekiti tukutane wakati huu wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yangu inawahusu wao na nyayo zao.

Mimi ni tabibu wa ngozi. Nilisomea Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na nilipomaliza nikarudi kwetu. Wengi hudhani kazi yangu ni ya upele, mba na fangasi tu. Ni kweli hao ndio wagonjwa wengi. Lakini saratani ya ngozi hukua mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona, mchana kweupe, na bado inatufikia ikiwa imechelewa. Hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Nianze na unyayo wa mtu mmoja.

Zamani kidogo, kabla sijaenda Moshi, nilikuwa kijana mpya kazini kwenye kituo fulani. Akaja mzee mvuvi, mcheshi, mguu wake wa kulia ameukunja kama anayekwepa jiwe. Alisema mwiba wa samaki umebaki kisiginoni. Nilimlaza, nikasogeza taa. Kisiginoni palikuwa na doa jeusi kubwa kuliko punje ya harage. Upande mmoja mpaka wake ulikuwa safi. Upande wa pili ulikuwa umesambaa kama wino uliodondokea karatasi mbovu. Katikati lilikuwa kahawia, pembeni likielekea bluu ya moshi. Halikuwa limeinuka. Halikuwa linauma sana. Mimi nikaona sugu iliyovilia damu. Nikalichonga, nikamfunga bandeji, na kile kipande cha ngozi nikakitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba.

Baada ya miezi minane alirudi na mtoki kwenye kinena cha mguu uleule, mgumu kama kokwa la embe, hauumi. Safari hii kilichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa maabara ya Mwanza, na jibu likarudi na neno moja: melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hakumaliza mwaka.

Nimekuwa nikilifikiria lile doa tangu siku hiyo. Halikunificha kitu. Ule ukingo uliosambaa, zile rangi tatu ndani ya doa moja, vilikuwa vinasema. Mimi ndiye nilikuwa sijui kusoma. Leo nataka tusome pamoja.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna maandishi tunayoyaita vinasaba. Yameandikwa kwa herufi nne tu, lakini yana urefu wa herufi zipatazo bilioni 3, na sehemu zake zenye maagizo ndizo jeni. Jeni moja huagiza seli itengeneze rangi. Nyingine huiambia igawanyike kidonda kipone, na nyingine huiambia sasa basi, imetosha. Kila seli inapogawanyika maandishi yote hunakiliwa upya, na anayenakili hukosea. Mara nyingi kosa husahihishwa. Mara chache linabaki.

Walimu mtanielewa haraka. Andikeni ubaoni neno tua. Futeni herufi ya kwanza, wekeni k. Neno limekuwa kua. Herufi moja imegeuka, na seli iliyoambiwa itue sasa inaambiwa ikue. Hakuna mkono wa mtu hapo, hakuna kitu kilichozikwa mlangoni. Ni maandishi yamekosewa.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walitangaza kosa kwenye jeni iitwayo BRAF. Katika karibu nusu ya melanoma za ngozi, jeni hiyo imegeuka, na mara nyingi zaidi ni mahali palepale pamoja: herufi moja tu, inayobadilisha kiungo cha 600 cha protini yake. Kazi ya protini hiyo ni kupokea amri ya kukua na kuipitisha mbele. Ikigeuka, inapitisha amri hata pasipo na aliyeitoa. Wenye mitumbwi ya injini mnajua mkono wa mafuta ukikwama: nahodha ameuachia, na chombo bado kinakimbia.

Sasa hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanishangaza. Vile vidoa vyeusi vya kawaida, ambavyo kila mmoja wetu anavyo viwili vitatu, wengine huviita waa, vingi vyake vina kosa hilohilo la BRAF. Lilelile! Mkono wa mafuta umekwama pia. Kidoa kilianza kukua utotoni, kikafika upana wa milimita chache, kikasimama. Kinakaa hivyo miaka 50, na mwenye nacho anazikwa nacho akiwa mzee. Kwa nini? Kwa sababu seli ina nanga pia. Zipo jeni ambazo kazi yake ni kuhisi kwamba mbio hizi si za kawaida na kuifunga seli isigawanyike tena. Kidoa cha kawaida ni chombo chenye injini iliyokwama na nanga iliyoshika. Melanoma ni pale kamba ya nanga nayo inapokatika, kwa kosa la pili, la tatu, la nne, miaka ikipita.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Daktari, hili doa ni la hatari?" swali la maana zaidi kwangu ni hili: limetulia au linatembea? Doa lililosimama mahali pamoja tangu uko shuleni, lenye mpaka wake na rangi yake moja, lina nanga. Doa lililoanza ukubwani, ambalo mwaka jana lilikuwa hapa na mwaka huu limefika pale, ambalo upande mmoja umechukua rangi isiyofanana na upande wa pili, hilo nanga yake nina shaka nayo.

Sura na kosa la ndani hufuatana kwa karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2008 watafiti walilinganisha melanoma zenye kosa la BRAF na zisizo nalo, wakitazama kwa hadubini. Zile za BRAF zilikuwa na seli kubwa zaidi, za mviringo zaidi, zenye rangi nyingi zaidi, zimejikusanya katika vifungu kama mayai kwenye kiota, na mpaka wake na ngozi nzima ya jirani ulikuwa wazi zaidi. Wenye nazo walikuwa na umri mdogo. Yaani kosa la herufi, ambalo hakuna jicho linaloliona, limeacha nyayo zake kwenye umbo.

Lakini hayo yalionekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe, mgongoni na miguuni, mahali wanapopata jua la vipindi. Sisi wenye ngozi nyeusi melanoma hatuipati sana, na tunapoipata mara nyingi inakuja kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Jua halifiki unyayoni. Kwa hiyo makosa yake pia ni ya namna nyingine. Badala ya maelfu ya herufi zilizounguzwa na jua, unakuta kurasa nzima zimechanika na kubandikwa pasipo pake, au ukurasa mmoja umenakiliwa mara kumi. Mwaka 2006 ilionekana kwamba jeni iitwayo KIT imeharibika katika sehemu ya melanoma hizi za nyayo. Wajapani, ambao nao huipata sana unyayoni, wameona kwamba hupendelea sehemu zinazobeba uzito: kisigino, na pale chini ya vidole tunapojisukumia kutembea.

Vijana, mnamjua Bob Marley. Mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, na alikuwa na miaka 36.

Tazameni unyayo wako kwa karibu. Ngozi ya unyayo haiko laini kama ya tumbo. Ina mistari, na mistari hiyo, ukiiangalia kwa lenzi yenye taa tunayoiita dermoskopu, ni kama shamba la mihogo lililolimwa vizuri: tuta, mfereji, tuta, mfereji. Matuta ni mapana, na katikati ya kila tuta kuna vitundu vidogo vya jasho vimepangwa kama mashimo ya mbegu. Mifereji ni myembamba. Kidoa cha kawaida cha unyayoni, kile chenye nanga, rangi yake hukaa mferejini, kama maji ya mvua yanavyofuata njia yake. Melanoma hupanda tutani. Rangi yake inafunika matuta na kuiacha mifereji ikiwa myeupe. Hili ni jambo ambalo mtu anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja, na mimi siku niliyofundishwa nilitoka nje nikakaa chini ya mti, nikamkumbuka yule mzee. Matuta yake yalikuwa meusi. Niliyaona, nikayaita sugu.

Kuna jambo la pili kuhusu unyayo ambalo madaktari wa upasuaji wanapaswa kulijua, na mgonjwa pia, ili asilalamike kwamba amekatwa eneo kubwa. Jeni moja ya kuamuru seli igawanyike, ya ukoo uitwao sayklini, mara nyingi imejinakili kupita kiasi katika melanoma za unyayo. Watafiti waliposaka nakala hizo za ziada, walizikuta hata kwenye seli zilizo nje ya doa, kwenye ngozi ambayo kwa jicho na hata kwa hadubini ilionekana nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbele ya rangi yake. Mtu anayekata doa pale weusi unapoishia, kwa wembe wa nyumbani au kwa kisu cha zahanati, anaacha nyuma mbegu ambazo hajaziona. Ndiyo maana upasuaji sahihi huchukua na ngozi ya pembeni inayoonekana haina kosa.

Dawa zinazolenga kosa lenyewe zipo duniani. Tangu 2011 Marekani iliidhinisha vemurafenibu kwa melanoma yenye kosa la BRAF, na imatinibu, ambayo madaktari wetu wanaijua kwa saratani moja ya damu, husinyaza baadhi ya zile zenye kosa la KIT. Sitawadanganya kwamba mtaikuta vemurafenibu zahanati. Lakini melanoma iliyokatwa ikiwa haijafika milimita 1 kwenda chini, wengi wa wenye nayo hupona kwa kisu tu. Milimita moja, wazee wangu. Pungufu ya unene wa sarafu.

Nihamie kwa jua, maana kwa ndugu zetu wenye ualbino habari ni nyingine kabisa.

Ualbino nao ni habari ya maandishi. Kwa wengi wenye ualbino hapa Tanzania chanzo ni jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye fungu la 15 la maandishi yetu, yaani kromosomu ya 15. Kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimeng'oka. Na kinachonigusa ni kwamba kipande kilekile, chenye mipaka ileile, kimekosekana kwa watu wa Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini, ishara kwamba kosa lilitokea mara moja, kwa babu au bibi mmoja wa zamani sana, kabla watu wetu hawajatawanyika, na tukalirithi tukitembea nalo. Mtu mwenye ualbino ni ushahidi wa undugu wetu.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye pengo ana rangi kama kawaida na hajui kitu. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila ujauzito una nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Sasa nisikilizeni ninyi akina baba. Nimekaa na mama ambaye mumewe alibeba godoro na kuondoka siku ya tatu baada ya kujifungua, akisema mtoto si wake. Hesabu inasema kinyume. Kwa kawaida mtoto huyo hawezi kuzaliwa hivyo bila nakala ya baba. Ngozi ya mtoto ndiyo saini yako.

Bila melanini ya kutosha, ile rangi inayoikinga ngozi, mionzi ya urujuanimno ya jua inaingia mpaka kwenye maandishi. Na jua lina mwandiko wake. Pale herufi mbili za aina fulani zinapokaa jirani, mionzi huzigandamanisha, na seli ikijaribu kunakili inasoma vibaya: C inakuwa T, wakati mwingine CC zote mbili zinakuwa TT. Mwaka 1991 watafiti waliukuta mwandiko huo ndani ya saratani za ngozi, kwenye jeni iitwayo TP53. Jeni hiyo ni mlinzi: ikikuta maandishi yameharibika, inasimamisha seli ijirekebishe, na ikishindikana inaiamuru ife. Jua likimuua mlinzi, seli zilizoharibika zinabaki hai na kuzaana.

Mimi simwambii mtu mwenye ualbino "jiangalie" tu. Namwambia jiguse. Pitisha kidole taratibu juu ya sikio, daraja la pua, mdomo wa chini, shingo kwa nyuma, mgongo wa kiganja. Ukihisi mahali panakwaruza kama msasa, hata kama macho hayaoni kitu, hapo mlinzi anaweza kuwa ameshalala. Hiyo bado si saratani. Hapo ndipo tunapopagandisha kwa baridi kali dakika chache na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukiacha, msasa unakuwa gamba, gamba linakuwa kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachotoa harufu na kutokwa damu ukigusa. Hiyo ndiyo saratani ya seli za tabaka la juu, na hiyo husafiri mpaka kwenye tezi za shingo. Nyingine, ya seli za chini ya tabaka hilo, sura yake ni tofauti: kinundu kinachong'aa kama lulu, na vimishipa vyembamba vya damu juu yake. Hiyo hula palepale ilipo na karibu haisafiri kamwe. Kosa lake mara nyingi liko kwenye jeni nyingine, PTCH1, na kila kosa lina tabia yake.

Watu wenye ualbino kwetu hawapati melanoma mara nyingi, ingawa hilo ndilo wengi wangelitarajia. Na baadhi yao huota madoa makubwa ya kahawia usoni na mikononi, yenye kingo kama za nyota. Mama mmoja aliniletea kijana wake akilia, akidhani ndiyo kansa yenyewe. Utafiti wa Afrika Kusini uliona kwamba wenye madoa hayo walikuwa na saratani kidogo kuliko wasio nayo. Kijana bado anahitaji kofia na mikono mirefu, lakini mama alirudi nyumbani akalala usingizi.

Wanawake wanaoanika dagaa pale Katonga, ninyi mnajua mchanga wa saa sita unavyorudisha jua usoni. Kofia peke yake haitoshi mahali pa namna hiyo. Mwenye ualbino akianika dagaa, na aanike alfajiri na jioni, mchana awe kivulini anapanga na kuhesabu. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa KCMC kwa ajili ya ngozi yao na hali yetu ya hewa, yapakwe hata siku ya mawingu.

Kuna watoto ambao si wenye ualbino, wana rangi kama ya kwangu, na jua linawaunguza vilevile. Ni wachache sana, lakini mwalimu mmoja humu ndani anaweza kukutana na mmoja. Mtoto hajafika miaka miwili, uso umejaa madoadoa kama aliyemwagiwa pilipili manga, macho mekundu, anafunika uso akitoka nje. Ugonjwa unaitwa zeroderma pigmentosumu. Melanini anayo. Alichokosa ni fundi wa kukata herufi zilizogandamana na kushona mpya. Mwaka 1968 James Cleaver, akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba kosa lao liko kwenye ukarabati huo wa vinasaba, na mwaka 2015 waliochunguza mafundi hao wa seli walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Watoto hawa mara nyingi hupata saratani ya ngozi kabla ya miaka 10. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, usingoje. Mlete wiki hiyohiyo.

Sasa nizungumzie watu ambao mnawaona sokoni na mnawakwepa.

Wana vinundu mwilini, vidogo na vikubwa, mamia. Nimesikia wakiitwa waliorogwa, waliokula kiapo, wenye laana ya ukoo. Wengine huacha kwenda harusini. Hali hiyo inaitwa nyurofibromatosisi, na humpata mtu 1 kati ya watu kama 3,000. Jeni yake, NF1, ilitambuliwa mwaka 1990, iko kwenye kromosomu ya 17, na ni mojawapo ya nanga nilizozisema. Seli zinazozunguka mishipa ya fahamu hupoteza nanga hiyo na kuota kidogo kidogo. Haiambukizi. Unaweza kumshika mkono, ukala naye, ukalala naye kitanda kimoja.

Bonyeza kinundu chake kimoja kwa ncha ya kidole, kwa idhini yake. Kinazama ndani kama kitufe kinachopita kwenye tundu la shati, ukiachia kinarudi. Ni laini. Kabla ya vinundu, utotoni, huwa na mabaka bapa ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, watu wa Kalinzi mnaijua rangi hiyo. Mabaka sita au zaidi, kila moja limezidi milimita 5 kwa mtoto, ni sababu ya kumleta kliniki. Tazama kwapani pia: vidoa vidogo mahali ambapo jua halifiki ni dalili kubwa.

Karibu nusu ya watu hawa hawana mzazi mwenye ugonjwa huo. Kosa lilianza kwao. Kwa hiyo wanaosema "ukoo ule" wanasingizia ukoo. Na kati ya kila 10 wenye hali hii, kama mmoja maishani mwake anaweza kupata uvimbe mmoja unaogeuka kuwa saratani. Huo hautajificha: utakuwa mgumu ukiwa ulikuwa laini, utauma usiku, utakua kwa wiki badala ya miaka. Mwenyewe atajua kabla yako. Kazi yako ni kumwamini anaposema hiki kimoja kimebadilika.

Kaposi nitaipitia haraka, maana wengi mnaifahamu tangu miaka ya mwanzo ya UKIMWI: mabaka na vinundu vya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi kwenye ngozi yetu, mguu umevimba na kukaza. Ilielezwa na daktari Moritz Kaposi mwaka 1872, na mwaka 1994 ikajulikana inaletwa na kirusi cha jamii ya herpesi, namba 8. Kirusi hicho kinakuja na jeni zake, na baadhi kilizichukua zamani kutoka kwa binadamu, mojawapo ni ya ukoo uleule wa sayklini niliousema kwenye unyayo. Mwenye virusi vya UKIMWI akianza dawa na kuzishika, kinga ikipanda, mabaka mengi hufifia. Asikate tamaa, asiache dawa.

Nirudi kwa wahudumu wa afya, kuhusu kinyama.

Nimewaeleza jinsi sura inavyosema. Lakini Kaposi changa inaweza kufanana na kovu lililovimba. Melanoma moja katika kadhaa haina rangi kabisa, ni nundu nyekundu tu. Donda ndugu la mguu lililokaa miaka 15 linaweza kuota saratani kwenye ukingo wake, na kwa mtazamo wa haraka bado ni donda lilelile. Jicho linakisia. Kinyama kinathibitisha. Kwa hiyo naomba: kitu chochote kilichokatwa kwenye ngozi ya mtu, hata ukiamini ni chunjua, kisitupwe. Kichupa chenye fomalini ya kukihifadhi, jina, umri, sehemu ya mwili, mguu wa kulia au wa kushoto, kimekaa muda gani, kimebadilika vipi. Andika kwa mwandiko unaosomeka. Daktari wa maabara Mwanza hamwoni mgonjwa, anayaona maneno yako tu.

Na wale wanaochoma uvimbe kwa maji ya betri, au kuufunga uzi mpaka udondoke, siwagombezi. Wengi wamefanya hivyo kwa kukosa nauli. Ila tambueni mnachokiharibu. Mnaunguza ile karatasi ambayo tungeisoma.

Misikiti yetu ya Ujiji inaweza kutusaidia sana. Anayetawadha mara tano kwa siku anaosha nyayo zake mara tano. Mkono unapopita kisiginoni, usimame kidogo. Wasiotawadha, mfanye hivyo jioni mnapooga, na asiyeweza kuinua mguu mjukuu amsaidie.

Mwenyekiti ameniambia nimebaki na saa nzima, nami sitaki kuitumia kwa maneno. Dermoskopu hii hapa, taa yake ina betri mpya. Mwenzangu ana daftari, vichupa na maji ya kunawa. Wavuvi waliokaa mstari wa mbele, vueni viatu na makobazi. Tutaanza na nyayo za wazee.